Rangi Iulizwe Mwisho

Kijiko cha gramu 19, chambo cha chuma cha kuvulia samaki, kinatua katika Mto Hoh, magharibi mwa jimbo la Washington, asubuhi ya Februari. Maji ni ya kijani, yana ukungu kidogo, na yanashuka baada ya mvua. Ncha ya ufito wa kuvulia inaanza kupiga: tu, tu, tu, taratibu kabisa. Uzi unapofika katikati ya mkondo, mapigo yanashika kasi. Muda si muda hayahesabiki tena. Ufito wote unatetemeka, na kijiko kimeibuka karibu na uso wa maji, kinazunguka kama pia, mita nzima juu ya kokoto anapolala samaki. Mvuvi anakusanya uzi, anafungua kisanduku, anavua kijiko cha rangi ya chungwa na kufunga cha waridi.

Anarusha tena pale pale.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu karibu kila swali linaloulizwa kuhusu kuvua stilihedi, trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni, kwa kijiko huanza na rangi. Maji machafu, rangi gani? Jua kali, rangi gani? Ni maswali ya haki, na majibu yapo. Lakini kijiko kinachopita juu ya kichwa cha samaki huku kikizunguka hakuna rangi itakayokiokoa. Kosa la mvuvi yule lilikuwa kwenye uzi, naye akaenda kulitafuta kwenye kisanduku.

Samaki ambaye hakuja kula

Stilihedi ni *Oncorhynchus mykiss*, trauti yule yule aliyeingizwa Kenya mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini na anayezalishwa hadi leo Kiganjo, Nyeri. Tofauti yao ni bahari. Stilihedi huanguliwa mtoni, hukaa humo kwa kawaida mwaka 1 hadi 3, kisha huteremka Pasifiki na kurudi akiwa na kilo 3, 4, na katika mito michache hata 9 au zaidi. Hadi mwaka 1989 wataalamu walimwita *Salmo gairdneri*, ndipo wakamhamishia kwenye jenasi ya samoni wa Pasifiki. Hata hivyo, samoni wengi wa bahari hiyo hufa baada ya kutaga, lakini baadhi ya stilihedi hurudi baharini na kupanda mto tena.

Anaporudi mtoni hakufuata chakula. Wale wa majira ya baridi huingia kati ya Novemba na Aprili, mayai yakiwa yamekaribia kukomaa. Wale wa kiangazi huingia kuanzia Mei hadi Oktoba, halafu husubiri miezi mingi kabla ya kutaga. Muda huo wote hula kidogo sana au hawali kabisa.

Basi kwa nini aume kipande cha shaba?

Wapo wanaosema ni kumbukumbu ya ngisi na vidagaa wa baharini. Wapo wanaosema ni hasira ya kuvamiwa alipojipumzisha. Wapo wanaosema samaki hana mkono, hivyo akitaka kujua kitu ni nini, hukishika kwa mdomo. Kwa muda mrefu maelezo haya yameendesha uchaguzi wa vijiko: kama ni hasira, weka rangi ya kuudhi, kama ni kumbukumbu, weka rangi ya samaki. Mimi nimeacha kuyafuata, kwa sababu hayamsaidii mtu aliyesimama ndani ya maji ya nyuzi 4 za Selsiasi.

Kinachosaidia ni kuangalia anafanya nini. Maji yakiwa baridi, chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, huwa mzito na husogea kidogo tu kufuata kitu. Yakifika nyuzi 8 au 10, anaweza kukifuata kijiko hadi kando ya mto. Katika hali zote mbili, kinachomshawishi ni kitu kilicho hai, kilicho karibu na usawa wake, na kinachobaki mbele ya macho yake muda wa kutosha kumfanya aamue.

Muda ndio tunaoununua tunaponunua kijiko.

Kila kijiko kina mipaka miwili

Kuna kasi ya chini ambayo kijiko kikiwa pungufu yake hufa: huteleza tu kama kipande cha bati. Kuna kasi ya juu ambayo kikiipita huanza kuzunguka. Kati ya mipaka hiyo kijiko huyumba. Hulala upande huu, hujirudi, hulala upande ule, na mapigo yake unayasikia kwenye ufito moja baada ya jingine. Kazi ya kuchagua ni kupata kijiko ambacho kasi ya mto ulio mbele yako imo katikati ya mipaka yake.

Hili hupimwa miguuni, kabla ya kurusha. Acha mita 2 za uzi nje ya ncha ya ufito, tumbukiza kijiko kwenye maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, ukishikilie hapo na kukitazama. Kisha kisogeze kwenye maji ya kasi zaidi mpaka kianze kuzunguka, halafu kirudishe kwenye maji ya polepole mpaka kife. Sasa unakijua. Anayefanya hivi kwa kila kijiko kilichomo kisandukuni hujifunza mengi kuliko anayesoma maandishi ya pakiti.

Mwili wa kijiko una mambo matatu yanayosukumana: uzito, unene na upana. Chukua vijiko viwili vya gramu 19. Kilicho kipana na chembamba hushika maji mengi. Huyumba kwa upana hata mkondo ukiwa mvivu, lakini mkondo mkali hukiinua juu. Kilicho kinene na finyu kwa umbo huzama upesi na hurushika mbali kwenye upepo, ila kinadai kasi ndipo kiamke. Kastmaster ni mfano wa aina hii ya pili: hurushika vizuri mno, lakini kwenye maji ya taratibu ya majira ya baridi mara nyingi hulala. Little Cleo, chenye mgongo ulioinuka, kiko katikati, na ndiyo maana kimekaa kwenye visanduku vya wavuvi wa stilihedi kwa miongo mingi. BC Steel, chenye umbo la yai, huegemea upande wa upana.

Ukiniuliza uanze na nini, nitasema upana. Wavuvi wengi hununua vijiko vizito kupita kiasi kwa hofu ya kutofika chini, halafu hulazimika kukusanya uzi haraka ili visikwame. Kasi ile waliyojitahidi kuikwepa wameirudisha kwa mikono yao wenyewe.

Gramu

Maji mengi ya stilihedi yana kina cha mita 1 hadi 2 na mwendo wa kutembea. Huko, gramu 11 na gramu 19 zinatosha. Madukani Marekani hupimwa kwa aunsi, yaani 2/5 na 2/3. Gramu 7 ni za kiangazi, mto ukiwa umepungua na kung'aa. Gramu 21 hadi 28 ziwekwe kwa mito mikubwa ya jamii ya Skeena kule British Columbia, au kilindi kinachozidi mita 2 na nusu.

Mizani ya kweli ni jiwe. Kijiko kigonge chini mara moja au mbili katika safari nzima ya kuvuka mto. Kisipogonga kabisa katika mirusho mitatu, ama ni chepesi ama pembe ya kurusha si sahihi. Kikigonga kila hatua, punguza uzito kabla hujakipoteza.

Tumbo la uzi

Hapa ndipo uvuvi wa kijiko unapofaulu au kuharibika.

Simama juu ya eneo unalotaka kuvua, yaani upande mto unakotoka, mahali maji ya kokoto yanapoanza kutulia. Rusha ukikata mto moja kwa moja, au ukielekeza chini kidogo. Kijiko kinapogusa maji, inua ufito mara moja, uuondoe uzi kwenye mkondo wa katikati, kisha utupe uelekee juu ya mto. Hesabu mbili hadi nne kijiko kikizama, uzi ukiwa umelegea kidogo tu. Halafu kaza. Kuanzia hapo ncha ya ufito inakifuata kijiko kikielekea chini na kuvuka, na mkono wa rili, gurudumu la kukunjia uzi, hauna kazi.

Tatizo ni kwamba mkondo wa katikati una kasi kuliko wa ng'ambo. Unausukuma uzi, uzi unafanya tumbo kuelekea chini ya mto, na sasa kijiko hakisukumwi tena na maji yaliyokizunguka: kinaburutwa na tumbo. Kasi inapanda. Kijiko kinapaa. Hilo ndilo lililompata mvuvi wa Hoh, na kwa kuwa alikuwa bado anasikia mtetemo mkononi, alidhani kijiko kinafanya kazi.

Mapigo yakianza kuharakishwa, tibu hapo hapo. Inua ufito juu ili uzi mchache zaidi uguse maji. Utupe uzi juu ya mto mara ya pili, hata ya tatu, kwa urefu unaoweza bila kukivuta kijiko. Au fungua rili, toa mita 1 au 2 za uzi, kijiko kishuke, kisha kaza tena. Ikishindikana, badilisha pembe: ukirusha nyuzi 45 kuelekea chini, kijiko kitavuka polepole sana, ingawa hakitazama kama awali. Ukirusha juu zaidi, kitazama zaidi, lakini tumbo litakuwa kubwa. Hakuna pembe inayokupa yote mawili. Katika maji ya nyuzi 4 mimi huchagua upole kwanza, kisha nafidia kina kwa gramu chache.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo halizungumzwi sana. Kijiko kikikaribia kando, kinaingia kwenye maji laini na kufa. Wengi hukikusanya hapo. Kumbe samaki aliyekuwa akikifuata tangu katikati ya mto yuko nyuma yake, na mahali maji ya kasi yanapokutana na ya taratibu ndipo hasa stilihedi hupenda kulala. Zungusha rili taratibu, mizunguko michache, kiendelee kuyumba. Uzi ukinyooka chini yako, kiache kining'inie sekunde 5 hadi 10. Kusanya mita 1, kirudishe. Ndipo ukusanye wote.

Sogea hatua mbili chini. Rusha tena.

Uzi wenyewe una sauti katika jambo hili. Wa kusuka wa ratili 30 huelea, hivyo ni rahisi kuutupa juu ya mto, na hupeleka kila pigo mkononi. Mbele yake funga mita 1 ya nailoni au flurokaboni ya ratili 12. Lakini uzi wa kusuka hunyonya maji, na hewa ikishuka chini ya sifuri barafu huziba pete za ufito. Asubuhi za namna hiyo, nailoni tupu ya ratili 12 haina ugomvi, ijapokuwa huzama na kufanya tumbo upesi. Ufito uwe na urefu wa mita 2.6 hadi 2.9. Mfupi haukuwezeshi kuinua uzi juu ya mkondo, na bila hilo maelezo yote yaliyotangulia hayatekelezeki.

Anapouma

Wakati mwingine huuma kwa kishindo na hakuna la kuuliza. Mara nyingi zaidi, hasa kwenye baridi, mapigo hukoma tu. Kijiko kilikuwa kinasema tu, tu, tu, kisha kimya, na hapakuwa na mguso wa jiwe.

Usichomoe.

Stilihedi anayekamata kijiko kinachovuka hugeuka kurudi alikotoka, na kugeuka huko ndiko kunakoipeleka ndoano pembeni mwa mdomo. Ukivuta mapema unaitoa kabla hajageuka. Subiri uzito wenyewe ujae mkononi, kisha peleka ufito kando, chini, kuelekea ukingo wa upande wako. Breki ya rili iwe imewekwa kama robo ya nguvu ya uzi, maana mbio za kwanza zaweza kumaliza mita 50 bila kupumzika.

Ndoano na pete

Vijiko vingi vya dukani huja na ndoano ya matawi matatu. Iondoe. Weka ndoano moja yenye mti mrefu na tundu linalofunguka, aina ya siwashi, namba 1/0 kwa gramu 11 na 2/0 kwa gramu 19. Nafasi kati ya ncha na mti iwe sawa na upana wa kijiko au ipite kidogo. Ikiwa finyu, kijiko chenyewe huikinga ncha isimshike samaki. Ikiwa ndoano ni nzito mno, mkia wa kijiko huzama na kuyumba kunapungua, kwa hiyo rudia kile kipimo cha miguuni kila unapobadilisha.

Kijino cha nyuma ya ncha ya ndoano kibane kwa koleo mpaka kilale kabisa. British Columbia inataka ndoano moja isiyo na kijino katika mito yake yote, na mito mingi ya Washington ina sharti kama hilo. Ni vyema hata pasipo sheria: ndoano ya namna hiyo huingia kwa urahisi na hutoka bila kurarua.

Usifunge uzi moja kwa moja kwenye pete ya kijiko. Pete hiyo ni waya uliozungushwa mara mbili, na fundo huteleza mpaka kwenye ukingo wake na kukatika, kwa kawaida samaki akiwa tayari amenasa. Weka swiveli ndogo, kiungo kinachozunguka, kwenye pete, kisha funga uzi kwenye swiveli. Inazuia pia uzi kujisokota siku ambayo kijiko kitazunguka licha ya juhudi zako zote.

Baada ya kila jiwe, pitisha ncha ya ndoano juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza na kushika, endelea. Ikiteleza, toa tupa uinoe.

Wanaorudi ni wachache

Siwezi kuandika juu ya kumvua samaki huyu kana kwamba wamejaa. Stilihedi wa kusini mwa California wamo katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu mwaka 1997. Wale wa mito Thompson na Chilcotin, British Columbia, kamati ya wanasayansi ya Kanada iliwatangaza kuwa hatarini mwaka 2018 kwa tathmini ya dharura. Kwa hiyo kila anayenaswa ana thamani kubwa kuliko picha yake.

Samaki wa vituo vya kutotolea vifaranga hutambuliwa kwa pezi dogo la mafuta, lile la mgongoni karibu na mkia, lililokatwa wangali wachanga. Mwenye pezi zima ni wa asili, na karibu kila mahali sharti aachwe. Washington hairuhusu hata kumtoa majini. Simama kwenye maji ya magotini, lowesha mikono, tumia wavu wa mpira usio na mafundo, na uchomoe ndoano kwa koleo samaki akiwa ndani ya maji. Mshike kwenye shina la mkia akielekea juu ya mto mpaka aondoke kwa nguvu zake. Kiangazi, maji yakipita nyuzi 18, usirushe kabisa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana humo anaweza kufa baada ya wewe kumwona akiogelea kwenda zake.

Kanuni hubadilika katikati ya msimu, mto kwa mto. Zisome usiku wa kuamkia safari, pamoja na vipimo vya mto ambavyo USGS, idara ya serikali inayopima mito, huweka kwenye mtandao kwa upande wa Marekani. Mstari unaoshuka taratibu baada ya mvua ndio unaoutafuta.

Sasa rangi

Maji yakiwa ya kijani na unaona buti zako kwenye kina cha sentimita 60 hadi mita 1, chukua nikeli iliyogongwagongwa au kijiko cha nusu nikeli na nusu shaba njano. Hayo ndiyo maji bora, na humo rangi ina kauli ndogo kuliko wakati wowote.

Mto ukiwa mchafu zaidi ya hapo, ongeza ukubwa wa kijiko kabla ya kuongeza makali ya rangi, kisha uchague fedha yenye mstari wa chungwa au waridi inayowaka. Fedha halisi hurudisha mwanga mwingi kuliko nikeli, na siku ya mawingu mazito tofauti hiyo huonekana kwa macho. Mto ukiwa mdogo na unang'aa kama kioo, punguza ukubwa na uende kwenye shaba nyekundu au nyeusi, kwa sababu mmweko mkubwa kwenye maji ya namna hiyo huwafukuza samaki.

Ukimaliza kuvua eneo lote bila kuguswa, rudi juu uanze tena. Mara hii badilisha pembe na mwendo, kijiko kile kile. Mara ya tatu badilisha ukubwa au upana. Rangi ikiwa ya nne bado itapata nafasi yake, na kwa kuwa mengine yote yatakuwa yamekwisha kujibiwa, utajua kwamba ni rangi kweli iliyofanya kazi.

Vijiko vya fedha vifutwe na kukaushwa kabla ya kurudi kisandukuni, kila kimoja kwenye chumba chake, la sivyo hufifia na ndoano zao kushika kutu. Shaba nyekundu iliyofifia usiisugue. Kwa maji mang'avu, hiyo ndiyo bora.